Mama anaiona bahari kwa mara ya kwanza: tulale Nungwi, Jambiani au Mjini? (Mrejesho upo mwisho wa uzi)

Mwana wa Urambo (mleta uzi)

Wakuu, habari za wikendi.

Mama yangu ana miaka 64. Amezaliwa Urambo, ameolewa Urambo, ametulea watoto watano kwa tumbaku na karanga, na safari yake ya mbali kuliko zote ni Tabora mjini, tena kwa sababu ya hospitali. Mwaka jana tulikuwa tunaangalia taarifa ya habari akaona meli inaingia bandarini. Akauliza, "Hayo maji ng'ambo yake ni wapi?" Nilishindwa kumjibu vizuri na swali lile halijanitoka mpaka leo. Tangu siku hiyo naweka akiba.

Mwezi wa sita shule zikifungwa nataka niwavushe Unguja: mama, mke wangu na watoto wawili, mmoja ana miaka 9 na mwingine 5. Tutakaa siku tano. Hakuna kati yetu aliyewahi kufika kisiwani, na hakuna anayejua kuogelea. Mama magoti yanamsumbua, ngazi nyingi hawezi.

Kinachonichanganya ni pa kulala. Kila ninayemuuliza ana jina lake: Nungwi, Kendwa, Paje, Kiwengwa, Jambiani, Mji Mkongwe. Picha zote zinafanana, mchanga mweupe na maji ya buluu. Malazi yote nimetenga 900,000/-, vyumba viwili. Naomba mnisaidie nisije nikamkosesha mama hii nafasi. Nawasilisha.

---

Kaskazi

Mkuu, hongera sana kwa wazo. Nenda Nungwi au Kendwa, usihangaike na kwingine. Sababu ni moja tu: maji. Ukanda wa mashariki bahari ikitoka inakwenda mbali mno, unaamka asubuhi unakuta mchanga na matope mpaka upeo wa macho. Nungwi na Kendwa kina kinaanza karibu na ufukwe, kwa hiyo hata maji yakipwa bado unaoga. Jua linazama mbele yako baharini. Mama akichoka na mchanga utampeleka akaone mafundi wanavyounda majahazi, Nungwi wanachonga vyombo kwa mkono mpaka leo, na pale Mnarani kuna kasa watoto watafurahi nao.

Ila chumba cha karibu na bahari kwa bei yako itabidi utafute sana. Rudi nyuma kidogo ndani ya kijiji, unapata.

---

Nahodha Mstaafu

Naunga mkono Nungwi kwa anayejua kuogelea. Huyu amesema hakuna anayejua. Tafakari hapo kabla hamjampeleka.

---

Binti wa Jambiani

Assalaam aleykum nyote. Kaka wa Urambo, Mungu akulipe kwa nia yako kwa mzee wako. Mimi nimezaliwa Jambiani, skuli nimesoma hapa hapa, na mama yangu analima mwani. Wacha nikueleze bahari yetu, maana wageni wengi wanachagua hoteli kwanza, bahari wanakuja kuijua wameshafika.

Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, tunaingia kwenye bamvua: maji yanajaa sana na yanapwa sana. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayajai sana, hayatoki sana. Sasa shika hili, litakusaidia kuliko picha zote ulizoangalia. Kwetu siku za bamvua maji yanakuwa yamepwa kabisa kama saa nne asubuhi, na yanakuwa yamejaa kama saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume chake, saa nne asubuhi ndiyo maji yako juu. Kwa hiyo ukishajua tarehe zako, tazama mwezi utakuwa wa ngapi. Hapo utajua asubuhi ya kwanza ukifungua mlango utakuta nini.

Upande wetu wa mashariki, kuanzia Matemwe mpaka kwetu Jambiani, kuna mwamba umekwenda sambamba na pwani, huko mbali unapoona mawimbi meupe yanavunjika. Ndani ya mwamba maji ni machache, mchanga umelala sawasawa. Ndiyo maana yakitoka yanakwenda mbali, unaweza kutembea kilomita moja. Kaka Kaskazi anaona hilo ni tatizo. Kwa anayetaka kupiga mbizi ni tatizo kweli, sikatai. Lakini mtoto wa miaka 5 asiyejua kuogelea, na mzee wa magoti, wataingia wapi kwa amani kama si kwenye maji ya kufika kwenye goti, yaliyo vuguvugu, yasiyo na wimbi?

Na jambo jengine. Mama yako ni mkulima. Maji yakitoka siku za bamvua, hayo "matope" yanageuka shamba. Akina mama wa Paje, Bwejuu na Jambiani wanashuka na kamba zao kulima mwani. Kilimo hichi kimeanza kwetu mwaka 1989. Mwani unafungwa kwa taitai, yaani vikamba vyembamba, kwenye kamba, kamba inafungwa kwenye vigingi, na baada ya wiki chache unavunwa na kuanikwa. Unasafirishwa nje unatiwa kwenye dawa ya meno, kwenye vyakula, na kwenye vipodozi. Mimi naamini mama yako akiona wanawake wenziwe wana shamba chini ya bahari, atafurahi kuliko bwawa la kuogelea la hoteli yoyote.

---

Mwana wa Urambo

Dada, nimemsomea mke wangu ulichoandika mara mbili. Nimetazama kalenda, tukienda tarehe tulizopanga tutafika mwezi wa angani ukiwa wa 13. Kwa maelezo yako siku za katikati tunaingia kwenye bamvua.

Lakini Mjini je? Wengine wananiambia tulale Mji Mkongwe siku zote tano, tuende fukwe na kurudi kila siku.

---

Mpenda Kale

Kwenda na kurudi siku zote tano usifanye. Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka Mjini, na kusini mashariki ni zaidi ya saa moja njiani. Utamaliza hela kwenye gari na mama utamchosha.

Lakini usiku mmoja au mbili Mjini usiziache. Boti inakushusha bandari ya Malindi, hapo hapo Mjini, uko mlangoni tayari. Jioni mnakwenda bustani ya Forodhani, watoto wanawatazama vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani, mnakula mishkaki na juisi ya miwa. Asubuhi mnavuka kwa mashua kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe wakubwa walioletwa zamani kutoka Shelisheli. Mji wenyewe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na kuutembea polepole milango ikiwa imefunguliwa ni raha ya peke yake.

Sikiliza kuhusu magoti ya mama, hapa ndipo watu wengi wanakosea. Nyumba za Mji Mkongwe ni za zamani, ngazi zake ni nyembamba na zimesimama kama za kupandia darini, lifti kwa nyingi hakuna. Chumba kizuri chenye upepo kiko juu kabisa, na kifungua kinywa kinatolewa kwenye paa. Piga simu, sema wazi unataka chumba cha chini na chai ya mama iletwe chini. Wasipokuhakikishia, tafuta kwingine. Pia magari hayaingii vichochoroni. Uliza kutoka pale gari linapoishia mpaka mlangoni ni hatua ngapi, na nani atabeba mizigo.

---

Shuhuda wa Kiwengwa

Naomba nichangie kwa uchungu kidogo. Miaka mitatu iliyopita niliwapeleka wazazi wangu ukanda wa kaskazini mashariki, hoteli kubwa ambayo kila kitu kimo ndani ya bei, chakula, vinywaji, vyote. Sitaitaja. Chumba tulichopewa ni cha "upande wa bustani", na kutoka pale mpaka baharini baba alihesabu hatua mia nne. Mchana jua kali, hakuweza. Chakula kilikuwa kingi lakini hakuna samaki hata mmoja aliyepikwa kwa nazi kama wanavyopika wenyeji. Na kwa sababu tulikuwa tumeshalipia vyote, hatukutoka nje ya geti kwa siku nne. Wazazi wangu walirudi Iringa hawajaongea na Mzanzibari hata mmoja zaidi ya wahudumu. Baba alifariki mwaka uliofuata. Nilikuwa na hela ya kumwonyesha kisiwa, nikamwonyesha hoteli.

Kwa hiyo, mkuu, kabla hujalipa uliza: kutoka mlango wa chumba chetu mpaka kwenye maji ni hatua ngapi, na kuna ngazi? Bei hii ni ya wakaazi au ya wageni wa nje? Maana hoteli nyingi zina bei mbili, na ukikaa kimya unapewa ya dola. Tozo za serikali zimo? Chai ya asubuhi imo? Feni au kiyoyozi, na umeme ukikatika kuna jenereta? Halafu omba wakutumie video ya siku hiyo hiyo, mtu anatembea kutoka chumbani mpaka ufukweni. Wenye nyumba ya kweli hawakatai.

---

Mwana wa Urambo

Pole sana ndugu yangu. Asante kwa kutuambia. Hatua mia nne nimeziandika kwenye daftari.

---

Pwani ya Kenya

Salamu kutoka Mombasa. Sisi hapa mtu akienda Lamu mara ya kwanza anakumbana na swali hilo hilo: alale Lamu mjini au Shela? Mjini una majumba ya kale, misikiti, punda mlangoni na chakula cha bei nafuu, lakini ufukwe hauna. Shela una mchanga wa kilomita na kilomita, lakini bei zake ni juu. Ninachowaambia jamaa zangu ni walale kote kuwili, mji kwanza, ufuo baadaye. Ukianza na ufuo, mji hutauona tena, utakuwa umeshalegea.

---

Mtu wa Kilindoni

Msisahau kisiwa cha Mafia jamani. Ila kwa mwezi wa sita simshauri. Papa potwe wetu wanaonekana kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa pili. Na kwa mama mtu mzima safari yenyewe ni ndefu. Aje siku nyingine.

---

Nahodha Mstaafu

Niongeze la boti kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya. Mwezi wa sita ni kusi, upepo wa kutoka kusini. Mkondo wa Unguja unakuwa na mawimbi, na mtu wa bara anayepanda mara ya kwanza anaweza kuumwa vibaya akaichukia bahari kabla hajaigusa. Pandeni boti ya asubuhi, kwa kawaida upepo unakuwa haujashika kasi. Kaeni sehemu ya chini, nyuma, katikati, huko chombo kinacheza kidogo kuliko mbele. Mama anywe kidonge cha kichefuchefu nusu saa kabla ya kuondoka, baada ya kumuuliza mfamasia kama hakigombani na dawa zake nyingine. Ale kitu chepesi, asikae na njaa. Safari yote ni kama saa mbili tu. Bebeni vitambulisho vyote na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Kusi hiyo hiyo inavuma sana kusini mashariki, Paje na Jambiani. Vijana wa kuteleza juu ya maji kwa tiara wanaifuata. Mchana mchanga unaweza kurushwa. Mama awe na kanga ya kujifunika, jioni kuna baridi.

---

Binti wa Jambiani

Nahodha amesema kweli, upepo upo. Tafuteni nyumba yenye ukuta au makuti ya kukinga kusi.

Kuhusu kulipia: msitume pesa yote kwa namba ya mtu binafsi mliyoipata kwenye ukurasa wa picha. Watu wengi wameumizwa, wanafika wanakuta nyumba ina mwenyewe mwengine kabisa. Pigeni simu, muulize nyumba iko karibu na skuli gani au msikiti gani, kisha muulizeni mtu mwengine wa kijijini. Kijiji chetu kinajuana. Tumeni malipo ya awali kidogo, mengine mkifika. Bandarini mkishuka mtakutana na papasi wengi, hao madalali wa wageni, kila mmoja ana hoteli yake. Waitikieni kwa salamu, muendelee na safari yenu.

Kijijini si hotelini. Mke wako na mama wajitande kanga wakipita mitaani, nguo za kuogea ni za ufukweni tu. Na wanaolima mwani msiwapige picha kabla ya kuwaomba. Msalimieni mtu kwanza, mtafundishwa hata kufunga.

Njiani kuja kwetu mtapita msitu wa Jozani, wako kima punju, hawapatikani pengine popote duniani ila Zanzibar. Mwambieni dereva asimame hapo siku ile ile mnapohama Mjini, msije mkalipia gari mara mbili. Kama hamna mizigo mingi, daladala namba 309 inakuja mpaka Jambiani, ila kwa mama chukueni gari.

---

Kaskazi

Dada umenishinda kwa hoja. Mimi naogelea, nilikuwa naongelea bahari yangu. Mkuu, nenda Jambiani.

---

Mwana wa Urambo

MREJESHO

Wakuu, tumerudi juzi. Niliahidi mrejesho, huu hapa.

Tulilala Mjini siku mbili na Jambiani siku tatu. Mjini tulipata vyumba viwili vya chini, 100,000/- kila kimoja. Nilipiga simu nyumba sita, na nne walikiri wenyewe kuwa ngazi zao mzee wa magoti hawezi. Jambiani ilikuwa 80,000/- kwa chumba, na chai ya asubuhi imo. Jumla 880,000/-. Hatua kutoka mlangoni mpaka kwenye mchanga: 31. Nilizihesabu na mwanangu.

Kwenye boti mama hakuumwa. Alikaa pale Nahodha aliposema, ameshika rozari, hakuongea mpaka tulipoona minara ya Mjini. Forodhani alikaa kwenye ukuta akiangalia watu tu. Urojo aliupenda, aliomba bakuli la pili. Changuu hatukwenda, kusi ilikuwa imechafuka asubuhi ile na sikutaka kumtia kwenye mashua ndogo. Sijutii.

Jambiani tulifika alasiri ya mwezi 15, bahari imejaa mpaka chini ya ukuta wa nyumba. Mama aliinama, akachota maji kwa kiganja, akaonja. Akatema, akaonja tena. Akaniambia kwa Kinyamwezi, "Ni kweli." Maana alikuwa anasikia tu tangu utotoni kuwa maji yote haya ni ya chumvi.

Asubuhi yake saa nne nilisikia ananiita kwa sauti ya hofu. Nikatoka mbio. Amesimama barazani, bahari haipo. Nilikuwa nimesahau kabisa kumweleza habari ya bamvua! Mimi nimesoma uzi huu wote na yeye sikumwambia neno. "Maji yamekwenda wapi?" Nikamweleza mambo ya mwezi kama dada alivyoniandikia, akanisikiliza, kisha akasema kumbe ni kama sisi tunavyotazama mwezi kupanda. Halafu akawaona akina mama wako mbali wameinama. Hakusubiri mtu. Alichukua fimbo yake, akavaa yeboyebo za mke wangu kwa ajili ya mawe, akashuka. Nilimfuata nyuma na watoto. Mchanga ule umenyooka, magoti hayakumsumbua, alitembea mwendo ambao Urambo sijamwona akitembea miaka miwili hii.

Aliwasalimia. Wakamwita bibi, wakamwonyesha. Ndani ya dakika kumi alikuwa anafunga taitai. Alikuwa anawauliza maswali ya mkulima: mbegu mnatoa wapi, ugonjwa wake ni upi, mnunuzi anawapa bei gani, na nani anapanga hiyo bei. Mmoja wao akamwambia aina inayolipa zaidi, wanayoiita kotonii, siku hizi inawafia kwa sababu maji yamekuwa ya moto. Mama akasimama kabisa kusikiliza hilo. Akawasimulia habari za tumbaku, jinsi mnunuzi anavyokuja na daraja lake na wewe huna la kusema. Walielewana mambo ambayo mimi mwanawe sijawahi kumuuliza. Alirudi maji yalipoanza kupanda, na kesho yake akaenda tena, na kesho kutwa tena.

Watoto walioga kila alasiri, maji ya kwenye goti na kiunoni, sikuwa na wasiwasi hata siku moja. Mke wangu alilalamikia upepo, na ni kweli unavuma, Nahodha usingetuambia tusingebeba sweta. Kaskazi, Nungwi tumeiweka kwa siku watoto wakijua kuogelea.

Dada wa Jambiani, yule mama mwenye kanga ya njano uliyetuelekeza kwake ametupikia pweza wa nazi na hakutaka hela. Mama yangu amemwahidi karanga. Gunia dogo limeshachambuliwa na limefika kwangu hapa Dar. Kama kuna mtu anavuka wiki ijayo kwenda upande wa Paje na Jambiani, naomba aniandikie PM nimkabidhi.